Magdalena Abakanowicz, mama wa Poland aliyefuma kamba chakavu za meli: kwa nini alichagua mkonge?

#1 Korona_Ngomeni
Wakuu, habari za jioni.

Nimekulia kambi ya mkonge huku Tanga, baba akiwa mtu wa korona, ule mtambo wa kuchakata majani ya mkonge. Kwetu singa, yaani nyuzi za mkonge, zilikuwa za kamba, gunia na zulia la kufutia miguu, basi. Juzi nikasoma habari za Magdalena Abakanowicz, msanii wa Poland aliyezaliwa 1930 karibu na Warsaw na kufariki 2017. Tangu siku hiyo nimekosa utulivu.

Huyu mama alikuwa anaokoteza kamba za meli zilizotupwa, anazifumua uzi mmoja mmoja, anazifua, anazitia rangi, halafu anafuma. Na hafumi kitambaa cha kutandika. Anafuma maumbo mazito ya kuning'inia toka darini, mengine yana kimo cha mita 4, mtu unayazunguka na kuyaingia ndani. Mkosoaji mmoja akayapachika jina la Abakani kutokana na jina lake mwenyewe. Mwaka 1965 akachukua medali ya dhahabu kwenye maonyesho ya São Paulo, Brazil.

Swali langu: kwa nini mkonge? Alisoma chuo cha sanaa, rangi na brashi anazijua. Kilichompeleka kwenye kamba ni nini? Mimi nasema ni uhaba. Poland baada ya vita ilikuwa haina kitu, naye akatumia alichokipata. Mwenye hoja nyingine aje nayo.

#2 Mswahili_Halisi
Mada safi sana. Ila mtu wa Tanga hata ukimpeleka mwezini atarudi na habari za mkonge.

#3 BintiPoznan
Nasoma Poznań, na chuo kikuu cha sanaa cha hapa tangu 2021 kimepewa jina lake. Alifundisha hapa kuanzia 1965 hadi 1990, kwa hiyo habari zake ziko kila kona.

Mleta mada, umesema kweli nusu. Kufuma hakukumjia kama ajali ya uhaba. Alipokuwa Chuo cha Sanaa cha Warsaw, 1950 hadi 1954, alipita kwenye madarasa ya ufumaji na ya kuchapa vitambaa. Mmoja wa walimu pale alikuwa Eleonora Plutyńska, na huyo bibi ndiye wa kuangalia. Yeye alikuwa amekwenda vijijini, kwa wafumaji wa Janów, akawahimiza waurudishe ufumaji wao wa zamani wa mitande miwili, yaani safu mbili za nyuzi za urefu, uliokuwa unakufa. Alikuwa anawaambia wanafunzi wasifume kwa kunakili mchoro uliokwisha kukamilika kwenye karatasi. Wabuni hapohapo kwenye kitanda cha mfumi, mkono ukiwa kwenye uzi.

Sasa ukimtazama Abakanowicz unaona mafunzo hayohayo. Mimi naamini jibu ni mwalimu.

#4 Kaka_wa_Tabora
Mwalimu, sawa. Lakini wanafunzi wa Plutyńska walikuwa wengi, mbona Abakani ni za mmoja?

Mimi nadhani vita ndiyo imemtengeneza. Mwaka 1943 askari wa Kijerumani waliingia nyumbani kwao, wamelewa, wakampiga risasi mama yake, mkono wa kulia ukakatika begani. Binti ana miaka 13, anatazama. Baadaye akawa msaidizi wa wauguzi hospitalini Warsaw, akahudumia majeruhi wengine. Mtoto aliyeuona mwili wa mama yake umefanywa hivyo hawezi kuja kuchora maua ya ukutani. Zitazameni Abakani zake: zimepasuka katikati, zina mikunjo, nyuzi zinatoka kama mishipa. Ule ni mwili, siyo pazia.

#5 Nyuzi_na_Sindano
@Kaka_wa_Tabora hapo nakuunga mkono nusu. Alipotoka chuoni alichora sana maua na mimea, makaratasi makubwa mno kwa rangi za maji, mengine kwenye mashuka ya kitani aliyoyaunga kwa kushona. Maonyesho yake ya kwanza ya peke yake, ukumbi wa Kordegarda, Warsaw, 1960, yalikuwa na kazi nne tu za kufuma, zilizobaki ni hiyo michoro. Kwa hiyo maua aliyachora, na vita ilikuwa imekwisha miaka 15.

#6 Mwanasheria_Mstaafu
Salaam kwenu nyote. Nimesoma kwa makini, naona jambo moja limeachwa.

Miaka aliyokuwa chuoni, Poland ilikuwa chini ya amri ya sanaa ya kijamaa: chora mfanyakazi, chora trekta, chora kiongozi. Mchoraji na mchonga sanamu walisimamiwa kwa karibu, kwa sababu kazi zao zilihesabiwa kuwa na maneno ya kisiasa. Mfumaji nani angemjali? Ufumaji ulihesabiwa mapambo ya nyumbani, kazi ya akina mama. Mtu mwenye akili anayetaka uhuru akiona mlango haulindwi, anapita hapo. Hiyo ndiyo sababu yangu.

#7 BintiPoznan
@Mwanasheria_Mstaafu shikamoo mzee. Hoja nzito, ila tarehe zinaisumbua. Amri ile ililegea sana baada ya 1956, Gomułka alipoingia madarakani kama kiongozi wa chama cha kikomunisti. Kufikia 1960 Poland ilikuwa na wachoraji wa dhahania, wasiochora vitu vinavyotambulika, wengi kuliko nchi nyingine yoyote ya kambi ya Kisovieti. Mmoja wao, Tadeusz Kantor, alikuwa anaonyesha kazi zake waziwazi. Abakani zenyewe zimeanza katikati ya miaka ya 60. Mlango unaosema haukulindwa, kwa wakati ule na milango mingine ilikuwa imeachwa wazi.

#8 Mwanasheria_Mstaafu
Marahaba binti. Imeachwa wazi lakini bawabu yupo. Mwanzoni mwa miaka ya 60 serikali ileile iliweka kikomo, kazi za dhahania zisizidi asilimia 15 ya maonyesho. Mfumaji hakuhesabiwa kwenye hiyo asilimia kwa namna mchoraji alivyohesabiwa.

#9 Mutheu_Machakos
Habari zenu kutoka Machakos. Nyinyi mnaongea siasa, na mimi nimekwama kwenye jambo moja. Mama yangu na shosho wangu wamesuka vyondo vya katani maisha yao yote. Wanasokota uzi kwenye paja, wanapaka rangi, wanafululiza mistari bila kuchora popote. Kwa nini chao ni "kazi ya mikono" na cha huyu ni sanaa ya makumbusho? Siulizi kwa hasira, nataka kuelewa ni nani anayeamua.

#10 Nyuzi_na_Sindano
@Mutheu_Machakos swali lako ndilo lililokuwa linapiganiwa pale Lausanne.

Mwaka 1962 Uswisi walianzisha maonyesho ya kimataifa ya mazulia ya ukutani, mwanzilishi akiwa Mfaransa Jean Lurçat. Kwa Wafaransa utaratibu ulikuwa huu: msanii mkubwa anachora, mchoro unapelekwa kwa mafundi wa Aubusson, mji wa wafumaji huko Ufaransa, wao wanaunakili kwa sufu laini, jina linabaki la mchoraji. Fundi hana jina. Halafu wakaja Wapolandi, Abakanowicz na wenzake wa rika lake kama Jolanta Owidzka na Wojciech Sadley, wamefuma wenyewe kwa uzi mnene usio sawa. Yeye alipeleka "Kompozycja białych form", yaani utungo wa maumbo meupe, ameufuma kwa kamba za pamba. Ufaransa baadhi ya wakosoaji walikasirika, wengine wakapigwa butwaa.

Sharti la maonyesho lilikuwa kila kazi isipungue mita 12 za mraba. Na yeye hakuwa hata na kitanda cha mfumi kikubwa! Alifumia chumba cha chini nyumbani kwa Maria Łaszkiewicz, mfumaji mkongwe wa Warsaw. Huyu Łaszkiewicz ukiniuliza ndiye shujaa asiyetajwa. Bila chumba chake hakuna Lausanne, bila Lausanne hakuna São Paulo.

#11 Mutheu_Machakos
Asante. Kwa hiyo alishinda kwa sababu mkono uliofuma na jina lililoandikwa vilikuwa vya mtu mmoja. Hiyo ningependa shosho aisikie.

#12 Kibarua_wa_Bandari
Subiri kidogo dada. Kazi kubwa za baadaye hakufuma peke yake, alikuwa na wasaidizi. Kuna moja ya 1970 na 1971 iliyotengenezwa kwa ajili ya jengo la serikali ya jimbo, 's-Hertogenbosch, Uholanzi. Upana wake unapita mita 20, na inakwenda juu kama mita 8. Hakuna mtu mmoja anayefuma kitu kile. Hao wasaidizi majina yao yako wapi? Tumerudi kulekule Aubusson.

#13 Nyuzi_na_Sindano
Tofauti ipo. Aliwahi kufuma mwenyewe, anajua uzi unavyokataa. Mchoraji wa Aubusson hakuwahi kuugusa.

#14 Kibarua_wa_Bandari
Tofauti kwake. Kwa msaidizi ipo?

#15 Mzee_wa_Brixton
Niko London. Tate Modern, jumba la sanaa la hapa, walifanya maonyesho yake kuanzia Novemba 2022 hadi Mei 2023, nilikwenda. Naomba niwaeleze nilichokiona maana picha za simu zinadanganya.

Abakani zilikuwa zimepangwa pamoja ukumbini kama msitu, mwanga hafifu. "Abakan nyekundu" ya 1969 ina karibu mita 4 kila upande. Kwa mbali ni kama kitu kimoja. Ukisogea unaona ni vipande vilivyofumwa mbalimbali vikashonwa pamoja, na mshono haukufichwa. Wekundu wake si mmoja: kuna mahali singa imekunywa rangi vizuri na mahali imekataa, imebaki kama kutu. Kingo za mpasuo ni nene kuliko kiganja. Na kuna uzi mmoja mwembamba umechomoza pembeni, umejikunja, haukukatwa. Nilisimama hapo mpaka mlinzi akanitazama.

Kwa hiyo @Korona_Ngomeni, nikikujibu: alichagua mkonge kwa sababu mkonge unasimama wenyewe. Sufu inalala. Pamba inalegea. Ukitaka kitambaa kishike umbo kama sanamu bila fremu kila mahali, huna njia ila singa ngumu. Waacheni Gomułka na walimu, tazameni kitu chenyewe.

#16 Korona_Ngomeni
Mzee umenifurahisha. Hapo kwenye singa kukataa rangi ni kweli tupu. Singa ikipita kwenye korona bila maji ya kutosha inabaki na utomvu na rangi haishiki sawa. Baba angekueleza hilo bila kuliona hilo zulia.

#17 Mchumi_wa_Segera
Nimechelewa, ila ninyi nyote mmesahau bei.

Tanganyika ndiyo iliyokuwa mzalishaji mkubwa wa mkonge duniani. Mbegu yenyewe aliileta Mjerumani, Dk. Richard Hindorf, 1893, kupitia Florida, na inasemwa vichipukizi vilivyofika hai vilikuwa 62 tu. Kufikia 1964 tulikuwa tunatoa karibu tani 230,000 kwa mwaka. Baada ya hapo bei ikaporomoka, kwa sababu kamba za nailoni na plastiki zilikuwa zinaingia. Meli zikaanza kuachana na kamba za singa.

Sasa jiulizeni: kwa nini bandari za Poland miaka ya 60 zimejaa kamba kuukuu za kuokota? Uchumi uliotuangusha sisi ndio uliompa yeye malighafi. Abakani ni mtoto wa nailoni.

#18 Mswahili_Halisi
Nilisema mimi. Tanga wamefika.

#19 Kibarua_wa_Bandari
@Mchumi_wa_Segera nimefanya kazi gatini miaka mingi, na kamba kuukuu zilitupwa hata kabla ya nailoni. Kamba ya meli ikilika inaondolewa, ni usalama. Halafu kamba za kufungia meli nyingi zilikuwa za manila, ule mmea wa Ufilipino, siyo mkonge peke yake. Na mkonge wenyewe ulitoka Mexico, Brazil, Angola, Msumbiji, Kenya. Usiwape watu picha kwamba singa za Korogwe ziko Tate.

#20 Mchumi_wa_Segera
Sikusema ziko. Nimesema soko lilikuwa moja na lilianguka pamoja.

#21 Kaka_wa_Tabora
Na kama ni kamba za kuokota tu, mbona alipoanza kulipwa vizuri hakuhamia hariri? Kule Milanówek kulikuwa na kiwanda cha hariri, na alipomaliza chuo aliwahi kufanya kazi huko. Hariri aliijua. Akaiacha.

#22 Mama_Nuru
Asalaam aleikum. Naona wanaume wengi wanaeleza, na hakuna aliyesema neno mwanamke isipokuwa mzee mwanasheria, kwa kupita.

Mpasuo ule mwekundu anaouelezea Mzee wa Brixton, wanawake wengi Ulaya na Marekani wameutazama na kusema ni mwili wa mwanamke, ni uzazi. Kitambaa ni kazi tuliyopewa, yeye akaikuza mpaka mtu hawezi kuipita bila kuizunguka. Mimi naiona hivyo.

#23 BintiPoznan
@Mama_Nuru waaleikum salaam, shikamoo. Ajabu ni kwamba yeye mwenyewe alilikataa hilo. Hakutaka kuitwa msanii wa wanawake, wala hakutaka kuitwa msanii wa nyuzi. Alitaka kuitwa mchonga sanamu.

#24 Mama_Nuru
Marahaba mwanangu. Anaruhusiwa kukataa. Na mimi naruhusiwa kuona.

#25 Nyuzi_na_Sindano
Twende mbele kidogo, maana watu wanamwachia kwenye Abakani kana kwamba alistaafu 1970. Mwaka 1969 zilitundikwa New York kwenye maonyesho makubwa ya sanaa ya kufuma ya MoMA, makumbusho ya sanaa ya kisasa. Mwaka huohuo Kazimierz Mucha akazipiga filamu, zimepandishwa kwenye vilima vya mchanga vya Łeba, pwani ya Baltiki, upepo unazipiga. Angeweza kuendelea hivyo maisha yake yote na kula vizuri.

Akaacha. Akachukua magunia, akayachovya kwenye gundi ya resini na kuyakandamiza kwenye umbo la plasta lililochukuliwa kwenye mwili wa mtu. Hivyo ndivyo ilivyopatikana "Plecy", yaani Migongo, kati ya 1976 na 1980: migongo 80 ya watu wameinama, ndani ni mashimo, hawana vichwa. Ukiitazama kwa karibu gunia bado ni gunia, unaona nyuzi zake zinavyopishana, ila limekuwa ngozi. Na "Embriologia", vitu kama 800 vya kitambaa na magunia vilivyoshonwa, vingine vidogo kama yai, vingine vikubwa kama jabali. Hiyo aliionyesha kwenye maonyesho ya kimataifa ya sanaa ya Venice, Italia, 1980, kwenye banda la Poland.

#26 Dada_wa_Chicago
Hamjambo. Naishi Chicago, na "Agora" yake iko Grant Park tangu 2006. Sanamu 106 za chuma cha kusubu, kila moja karibu mita 2.7, zinatembea kila upande bila vichwa wala mikono. Nilipohamia hapa nilikuwa napita katikati yake nikitoka kazini. Theluji ikianguka inakaa kwenye mabega, na chuma kina mikunjo kama gome la mti. Watoto wanacheza kujificha ndani ya sanamu kwa sababu nyuma ziko wazi.

Mwanangu aliniuliza vichwa vimekwenda wapi. Nani ana jibu?

#27 Kaka_wa_Tabora
Umati. Aliishi chini ya Wajerumani, kisha chini ya Stalin. Aliona watu wanapigia makofi bila kufikiri. Umati hauna kichwa.

#28 Mzee_wa_Brixton
Mimi naona kinyume. Ukiondoa uso unaondoa kabila, cheo na jinsia. Anabaki binadamu tu. Hakuna dharau pale.

#29 Mama_Nuru
Na mikono? Mbona hamuisemi mikono? Mama yake alipoteza mkono.

#30 Dada_wa_Chicago
Mama Nuru, hilo sikuwahi kuliwaza. Asante.

#31 Nyuzi_na_Sindano
Kuna sanamu zake zilizo na mikono, kwa hiyo tusifunge hesabu mapema. Ila nami nimelisoma hilo ulilolisema mara mbili.

#32 Fundi_Seremala
Jamani bei. Kazi yake "Tłum III", umati wa sanamu 50, iliuzwa mnadani Warsaw mwaka 2021 kwa zloty (fedha ya Poland) milioni 13.2. Ilikuwa rekodi ya sanaa Poland. Hela hizo unajenga mtaa.

#33 Mutheu_Machakos
Na kiondo cha mama yangu dalali anakichukua kwa bei ya chai, halafu nakiona kwenye duka la ng'ambo kimezidishwa mara nyingi, bila jina la aliyekisuka. Narudi kwenye swali langu la mwanzo: nani anaamua? Lausanne kulikuwa na jopo. Kulikuwa na serikali iliyopeleka kazi nje na kujivunia. Nani amewahi kupeleka kiondo kimoja, chenye jina la mtu mmoja, kwenye jopo?

#34 Mwanasheria_Mstaafu
Binti ya Machakos, umegusa jambo ambalo hata mimi nililipita. Poland ya kikomunisti ilibana, na ikalipa. Ilikuwa na chama cha wasanii, karakana, safari za maonyesho, nafasi za kufundisha. Msanii aliyekubalika nje alikuwa sifa kwa nchi, kwa hiyo pasipoti ilipatikana. Ukitafuta sababu ya kazi yake kufika mbali, weka na hiyo.

#35 Kibarua_wa_Bandari
Kwa hiyo sasa tuna uhaba, mwalimu, vita, amri ya serikali, fedha ya serikali, nailoni, uwanamke na ugumu wa singa. Nimesahau?

#36 Mswahili_Halisi
Umemsahau Łaszkiewicz na chumba chake.

#37 BintiPoznan
Niongeze kitu ambacho hakijatajwa. Hapa Poznań kuna "Nierozpoznani", Wasiotambuliwa, kwenye bustani ya Citadel. Ni sanamu 112 za chuma, zimewekwa 2001 na 2002, na ni ndugu kabisa wa zile za Chicago. Nilizifuata mchana mmoja na kuzipitisha mkono. Juu ya chuma unahisi alama za gunia, nyuzi za kwenda na za kukatiza, kwa sababu umbo la kwanza lilitoka kwenye gunia ndipo likasubiwa. Wakati huo alikuwa na uwezo wa kutumia chochote duniani, shaba nyeusi, mawe, zege, na alivitumia vyote. Bado akaacha nyuzi zionekane.

Kwa hiyo uhaba hauelezi. Uhaba ulikuwa umekwisha.

#38 Korona_Ngomeni
@BintiPoznan uhaba wa vitu ulikwisha. Lakini mtu aliyejifunza kuona mali kwenye kitu kilichotupwa, jicho hilo halimtoki hata akitajirika. Baba yangu mpaka leo hawezi kupita kipande cha kamba njiani bila kukiokota. Bado nasimama na uhaba, na nakuomba picha ya hizo alama za gunia kwenye chuma, karibu uwezavyo.

#39 BintiPoznan
Picha nitapiga Jumamosi mvua ikiacha. Na bado nasema ni mwalimu.

#40 Nyuzi_na_Sindano
Ukipiga, piga na upande wa ndani, pale pasipo na mgongo. Nataka kuona kama mishono ya gunia ilisubiwa pamoja na umbo au ilifutwa kwenye plasta.